Sanamu la Kutishia Ndege Lililovaa Bresi ya Deo

Mgonjwa aliyevaa bresi, gamba la kunyooshea mgongo, kwa utii kuliko wote niliowahi kuwahudumia hakuwa mtu. Lilikuwa sanamu la kutishia ndege, katika shamba la mpunga kule Mchombe, na lilisimama wima hivi kwamba nilipoliona kwa mbali nililipungia mkono. Nitawafikisha huko, msiwe na haraka. Ninyi vijana mnaosomea mazoezi tiba siku hizi haraka yenu imezidi. Mtu hajamaliza kusema panapouma, mmeshamlaza mnamvuta mguu.

Mimi ndiye Mama Apolonia, ingawa mtaa mzima wa Viwanja Sitini wananiita Mama Mgongo, na wapo watoto wanaoamini ndilo jina nililobatizwa. Nimestaafu juzi juzi tu. Hadi leo mtu akipita barabarani amejikunja, mikono inaniwasha. Hospitalini niliingia kwa mlango wa deki na ndoo, si wa vitabu. Kidato cha nne nimekipata kwa masomo ya jioni, darasa la watu wazima, ambako mwalimu wa biolojia alikosa mfano wa mifupa akanisimamisha mimi mbele ya ubao. Nilikuwa mwembamba kiasi kwamba darasa zima lilihesabu mbavu zangu juu ya gauni, na swali la mifupa hakuna aliyelikosa. Mkinitazama sasa hamtaamini. Mbavu bado zipo, ila zimewekwa stoo.

Baada ya hapo ndipo nikapelekwa kusomea mazoezi tiba, na niliporudi nikakabidhiwa kwa Mzee Kalisti, fundi wa bresi, aliyekuwa na karakana yake nyuma ya wodi. Mzee huyo alikuwa na mikono mikubwa kama majembe na sauti ndogo kama ya kifaranga. Siku ya kwanza aliniambia neno moja ambalo limenilisha mpaka kustaafu:

"Apolonia, mgongo usiuhoji ukiwa umesimama. Ukisimama unadanganya. Ulaze kwanza."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Mtoto anayebalehe anarefuka kwa fujo. Leo suruali inamtosha, kesho inamwonyesha vifundo vya miguu. Katikati ya fujo hiyo unaletewa mmoja ambaye mgongo wake wa juu, pale nyuma ya kifua, umeinuka na mabega yamekwenda mbele. Na kila anayemsindikiza ana jibu lake tayari. Mama atakwambia ni ndoo za maji. Mwalimu atakwambia ni simu. Bibi atakwambia alibebwa vibaya mgongoni akiwa mchanga, na atakutajia aliyembeba. Baba atakwambia ni uvivu. Uvivu ndio ugonjwa pekee duniani ambao kila mtu anaujua dalili zake, na dawa yake ni kelele.

Wewe usibishane na yeyote. Mlaze mtoto chali kitandani, bila mto. Akiwa amejikunja kwa mazoea tu, mgongo utanyooka kama mkeka, kisogo kitagusa kitanda, na kesi imekwisha: mazoezi, na simu aishike juu kidogo. Ukikuta mgongo una kona kali kama kona ya sanduku, na mtoto anakonda, ana homa za jioni, au miguu imeanza kulegea, hapo acha utani wote. Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Mkimbize kwa daktari na wewe kimbia naye. Mimi nilikimbia hivyo zaidi ya mara moja, na mbio zangu mnazijua, ardhi inatetemeka.

Halafu yupo wa tatu. Huyu mgongo wake ni wa mviringo, laini, kama karai lililopinduliwa. Anakula vizuri, anacheza vizuri, maumivu yanamjia akiinama sana. Lakini umlaze, haunyooki. Kichwa kinabaki kinaelea, kinaomba mto. Umgeuze kifudifudi, umwambie ainue kifua juu kama kenge aliyesikia mtu anakuja. Kiuno kitainuka, shingo itainuka, karai litabaki karai. Huyo mpeleke akapigwe picha ya eksirei ya ubavuni.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza kuna nini kwenye hiyo picha. Nikatoa mche wa sabuni kwenye mkoba, maana nilikuwa natoka dukani, nikakata vipande sawasawa nikavipanga. Vikasimama kama mnara. Nikakata vingine kwa haraka, vyembamba mbele, vinene nyuma, kama kabari. Nikavipanga, vikainama. "Pingili za mwanao ndivyo zilivyokua," nikamwambia. "Upande wa mbele umechelewa, wa nyuma umetangulia. Hata umpigie kelele, sabuni haisikii." Toka siku hiyo sikwenda kazini bila mche wa sabuni. Wengine walikuwa wanatembea na vipimo vya kisasa. Mimi nilikuwa nanukia usafi.

Deo alikuja nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Kidato cha pili, mrefu wa ghafla, miguu kama vijiti vya kuchokolea maembe, na shuleni walikuwa wanamwita Kobe. Aliletwa na mama yake. Nilipomuuliza shida ni nini alinijibu jibu zuri kuliko nililopata kwa madaktari wengi:

"Mama, nikijinyoosha ninafika hapa tu, halafu panagoma."

"Baba yake anasema anagoma yeye," mama akadakia.

Tukamlaza, kichwa kikaelea. Tukamgeuza akafanya kenge, kenge mzee. Daktari Neema, binti mdogo wa juzi lakini ana kichwa kilichotulia, akaangalia picha, akanionyesha kabari zile zimefuatana kifuani. Akamwambia mama yake: "Mwanao bado anakua, na hiyo ndiyo bahati yetu. Avae bresi sasa, mifupa ikiwa mibichi. Akimaliza kurefuka hajaivaa, bresi haitamsaidia tena, na mgongo ukizidi kupinda tutaanza kuzungumza habari za upasuaji, mbali huko." Mama Deo akashika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili kana kwamba upasuaji unataka kumnyang'anya.

Tukaenda karakana. Bresi ile ni gamba la plastiki ngumu. Linakamata kiunoni, mbele lina vibao vinavyosukuma chini ya mifupa ya mtulinga, nyuma lina pedi inayosukuma penye kilele cha karai. Kusukuma mbele na nyuma, basi, hakuna uchawi. Kwanza unamfunga mtoto bandeji za plasta upate umbo lake, kisha unatengeneza gamba juu ya umbo hilo. Na hapa nawaonya kwa kisa cha Mzee Kalisti. Zamani alimpima binti mmoja aliyekuwa ametoka kula ubwabwa wa harusi. Gamba likatoka zuri ajabu, likapakwa rangi, binti akaenda nalo nyumbani. Baada ya siku chache akarudi: linazunguka mwilini kama pipa. Mzee akalikagua, akakuna kichwa, akamuuliza: "Kwani leo umekula?" Binti akasema bado. Wakampa ubwabwa. Gamba likakaa barabara! Toka hapo karakana ikawa na sheria: kipimo kabla ya chakula. Mzee Kalisti alikuwa anawanusa midomo kama trafiki.

Deo akavalishwa la kwake, jeupe, linang'aa. Akatembea mle ndani kama askari wa sherehe. Akacheka. Nikamwambia: "Vaa mchana, vaa usiku, vua ukioga na ukifanya mazoezi. Chini yake vaa fulana kavu." Akaniahidi. Wakapanda basi.

Tarehe ya kurudi ikafika, hawakuja. Ya pili hawakuja. Nikajua: ndege wameingia. Wazaliwa wa bonde hili nisiwafundishe. Mpunga ukianza kutunga mbegu, watu wanahamia mashambani na sufuria, chandarua na kuku, na kila kiumbe chenye mikono kinaamia, yaani kinafukuza, ndege toka kunakucha. Hospitali inaweza kungoja. Ndege hao, kwelea kwelea, hawangoji.

Basi nikachukua bodaboda kumfuata. Njia ya shambani ilikuwa na matope ya kumeza ng'ombe na pembe zake. Dereva akaniambia, "Bibi, shuka niivushe pikipiki kwanza, halafu nikurudie wewe." Nikamwambia mimi ndiye nitakayeivusha pikipiki, na nikaivusha. Sawa, nilishika kioo chake tu.

Ng'ambo ya mfereji ndipo nilipomwona. Kijana mrefu, kofia kichwani, amevaa bresi nyeupe inayomeremeta, mabega nyuma, kifua mbele, amesimama katikati ya mpunga kama rais anapokea gwaride. Machozi yakanilenga. Nikasema, Apolonia, staafu sasa, kazi umeifanya. Nikampungia. Hakujibu. Nikamwita. Hakugeuka. Nikawaza, loh, hii bresi imemnyoosha mgongo ikamwondolea adabu.

"Shikamoo, mama!" sauti ikatoka juu, nyuma yangu.

Nikageuka. Deo alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, ameshika kopo lenye mawe, amejikunja kama ndoano.

"Marahaba," nikasema. "Na yule ni nani?"

"Ni sanamu la baba."

"Linaendeleaje na matibabu?"

Baba yake akatokea kwenye mpunga, Mzee Ponsiano, mtu wa maneno mengi na koti zito ambalo nasikia halivui hata jua likichemsha maji ya mfereji. Akanisalimu vizuri, akaniletea kigoda, mama Deo akaleta uji. Tumekaa, nikauliza kilichotokea. Hakuficha.

"Mama Mgongo, mimi ni mkulima. Mtoto akivaa lile gamba hawezi kuinama kupalilia. Sanamu likilivaa, linang'aa, ndege wanakimbilia mashamba ya Chita. Ungekuwa wewe ungemvalisha nani?"

Niseme kweli, nimehudhuria semina nyingi zilizokuwa na hoja dhaifu kuliko hiyo. Na mtaa wote wa mashamba ulikuwa upande wake. Jirani yake, Mzee Gaitani, alipaza sauti kutoka ng'ambo ya mfereji: "Mama, hospitali hamna jingine? Hata lililotumika!"

"Halafu," Ponsiano akaendelea, "huyu si mgonjwa. Huyu ni mvivu. Hata mimi utotoni nilikuwa hivi hivi. Nikanyooshwa kwa fimbo."

"Ukanyooka?"

"Si unaniona?"

Nikamtazama. Koti limejaa, kofia imefunika nusu ya uso. Mama Deo akaanza kukoroga uji ambao ulikuwa umeshakorogwa.

"Ningependa kuona mgongo ulionyooshwa kwa fimbo unalalaje," nikasema. "Mwonyeshe mwanao. Tandikeni mkeka."

"Sasa hivi!" Akavua koti kwa mbwembwe. "Deo, shuka uje uone mwanaume anavyolala!"

Akalala chali, mikono pembeni, miguu pamoja. Mabega yake yalikuwa hayagusi mkeka vizuri. Kichwa kilikuwa kinaelea hewani, kidevu juu, kama mtu aliyesikia jina lake linatajwa mbali.

"Baba, shusha kichwa," Deo akasema.

"Nimeshusha."

"Bado, baba. Kuku anaweza kupita hapo chini."

"Nimeshusha, nakwambia!"

Ndipo mama Deo alipoweka mwiko chini. "Mungu wangu. Ndiyo maana!" akasema. "Ndiyo maana mito yote ya nyumba hii unalala nayo wewe! Toka tumeoana mimi nalalia mkono wangu, nikadhani nimeolewa na mchoyo!"

Gaitani alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Hata mimi tumbo lilitikisika, na mnalijua, halitikisiki peke yake, linatikisika na majirani. Lakini Ponsiano hakucheka. Akakaa taratibu kwenye mkeka. Nikatoa mche wangu wa sabuni, nikaomba kisu, nikakata vipande vya kabari nikavipanga mbele yake. Vikainama. Akavinyoosha kwa kidole. Vikainama tena.

"Hii inaweza kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto?" akauliza.

"Mara nyingine inakwenda kwenye ukoo, ndiyo."

"Shuleni," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "mwalimu wa zamu alikuwa ananitoa mstarini kila asubuhi. Simama wima, ananiambia, wenzako wanaweza wewe huwezi? Najinyoosha mpaka natokwa jasho. Ananichapa. Nikajua basi, mimi sijitahidi." Akamtazama Deo. "Wewe ukijinyoosha inakuwaje?"

"Nafika hapa tu, baba. Halafu panagoma."

"Panagoma," Ponsiano akarudia. "Ndilo neno hilo. Nimelitafuta toka utoto wangu."

Akasimama, bila koti, akaingia kwenye mpunga moja kwa moja hadi kwenye sanamu, akaanza kufungua mikanda. Ghafla akaruka nyuma. Ndani ya bresi, pale kiunoni, ndege alikuwa ameshaanza kujenga kiota! Yule yule mtisha ndege wa kusifiwa hadi Chita alikuwa anapangisha. Gaitani akapaza sauti: "Basi sitaki tena!"

Kiota kikahamishiwa kwenye kofia ya sanamu. Bresi ikaoshwa mferejini kwa zile zile kabari za sabuni, ikaanikwa, ikafutwa. Deo akaivaa. Ponsiano mwenyewe akaivuta mikanda, polepole, anamuuliza kila anapokaza: "Hapa inauma? Hapa je?" Sikuingilia. Mzazi akishaanza kuuliza hivyo, wewe kunywa uji wako.

"Na langu?" akaniuliza baadaye, kwa aibu kidogo. "Hakuna gamba la ukubwa wangu?"

Nikamwambia ukweli: mifupa yake ilishakomaa, bresi isingebadilisha kitu. Yake ni mazoezi, kunyoosha misuli ya nyuma ya mapaja, kuimarisha mgongo, maumivu yapungue. Nikawafundisha wote wawili kenge. Habari zilizonifikia ni kwamba kila asubuhi baba na mwana walikuwa wanalala kifudifudi kwenye mkeka, wanainua vifua wakiguna, na kwamba ndege hawajawahi kuogopa kitu katika bonde hili kama walivyoogopa makenge wale wawili. Kupalilia? Ponsiano alisema palizi atasaidiana na mkewe, na mkewe akasema kwa sharti apewe mto.

Msitegemee niwaambie Deo alinyooka kama rula. Hiyo ni hadithi ya kwenye matangazo. Alivaa hadi alipoacha kurefuka, akaja kwa tarehe zake, picha zikaonyesha kupinda kumesimama na kumepungua kidogo. Maumivu yalikwisha. Upasuaji haukutajwa tena. Shuleni bado kuna mmoja anamwita Kobe, lakini Deo anaitika kwa madaha hadi yule mmoja anachoka.

Mara ya mwisho kwenda kwao ulikuwa msimu mwingine, siku chache kabla ya kuaga kazini. Nilikuta sanamu jipya shambani, shati kuukuu juu ya mti. Mti wenyewe ulikuwa umeanza kupinda kwa mvua, sanamu limeinama, mabega mbele, kichwa chini, linasikitisha. Mzee Gaitani alikuwa amesimama kwenye mfereji wake analicheka.

"Ponsiano!" akapiga kelele. "Sanamu lako limekuwa vivu! Lipige fimbo lisimame!"

Ponsiano aliweka jembe chini. Akajinyoosha mpaka pale panapogoma, akamtazama jirani yake kwa utulivu wa daktari bingwa, akamuuliza:

"Umelilaza chali ukalipima?"